Mpinzani ni Nani? Michezo ya Wajerumani, Kutoka Karata za Skat hadi Vita vya Mezani

Anayeanza kuifuatilia historia ya michezo ya Wajerumani hukutana mapema na jambo linaloonekana kujipinga lenyewe. Prussia, dola iliyokuja kuiunganisha Ujerumani, ndiyo iliyowapa maofisa wa jeshi mchezo wa kupigana vita juu ya ramani, na mchezo huo ukaigwa na majeshi ya nchi nyingi. Lakini Wajerumani hao hao, karne moja na nusu baadaye, wakasifika kwa michezo ya ubao ambayo hakuna anayeuawa ndani yake, wala anayetolewa mezani kabla wenzake hawajamaliza. Na pembeni ya hayo yote wapo wazee watatu walioketi baani na bia zao, wakicheza Skat kama walivyoicheza babu zao, bila kujali mabishano ya wanahistoria.

Wapo wanaoyaeleza haya kwa mkato, kwamba Wajerumani walipenda vita, wakashindwa, wakaacha. Maelezo hayo si ya uongo, ila yanaziacha karata nje, ilhali karata ndizo zilizokuwa mezani tangu mwanzo na ndizo zilizobaki mezani baadaye. Kwa maoni yangu fundo hili hufunguka vizuri zaidi tukiuliza swali moja kwa kila mchezo: mpinzani ni nani, na mchezaji anamjua kwa kiasi gani?

Tuanze basi na karata. Mtu wa Pwani huziita aina nne za karata kopa, uru, shupaza na pau, majina tuliyoachiwa na Wareno pamoja na neno turufu. Wajerumani, hasa wa Bavaria na wa baadhi ya sehemu za mashariki, wana seti yao ya zamani yenye alama nyingine kabisa: matunda ya mwaloni, majani, mioyo na njuga. Katika seti hiyo hamna malkia. Chini ya mfalme wako wanaume wawili, Ober na Unter, yaani wa juu na wa chini, na anayewatazama huwatofautisha kwa mahali ilipochorwa alama, kwani kwa Ober iko juu na kwa Unter iko chini. Huyo wa chini hapaswi kudharauliwa. Mwaka 1426, katika mji wa Nördlingen, tayari unatajwa mchezo wa Karnöffel, ambao Unter wa aina iliyoteuliwa humpiga kila mtu, mfalme akiwemo. Desturi ya mtumishi kumshinda bwana wake ni kongwe katika karata za Kijerumani, na mgeni akiona jeki anaikalia ree katika Skat asidhani kwamba ameelezwa vibaya.

Skat yenyewe ilizaliwa katika miaka ya 1810 mjini Altenburg, Thuringia, miongoni mwa waungwana waliokuwa na kikundi chao cha kucheza Tarok, mchezo mwingine wa karata. Walichukua mchezo wa kienyeji uitwao Schafkopf, wakaupandikizia mambo waliyoyapenda katika Tarok na katika mchezo wa karata wa L'Hombre, na jina wakalitoa katika neno la Kiitaliano lenye maana ya kuweka karata kando. Zinatumika karata 32, kuanzia saba hadi ree. Wachezaji ni watatu, kila mmoja hupata karata 10, na mbili zinazobaki huwekwa katikati kifudifudi. Hizo mbili ndizo Skat. Katika kila mzunguko kila mchezaji huweka karata moja, na mwenye karata kubwa hula zote tatu. Kinachohesabiwa mwishoni ni thamani ya karata zilizoliwa: ree 11, kumi 10, mfalme 4, malkia 3, jeki 2, na nyingine hazina kitu. Jumla ni 120, na mshindi anahitaji 61. Msomaji aliyekulia kwenye baraza za wahedi wa sitini ataitambua namba hiyo kabla sijaitaja, na anayemwita mfalme mzungu wa nne ataona kwamba kule Altenburg pia mfalme ana 4.

Ugumu wa Skat hauko katika hesabu hiyo. Uko katika mnada unaotangulia mchezo, kwa maana mnada ndio unaoamua nani atakuwa peke yake na nani watamwungania. Wachezaji hunadi kwa namba za ajabu: 18, 20, 22, 23, 24, na kuendelea. Mgeni hudhani namba hizo zimeokotwa tu. Ukweli ni kwamba kila moja ni zao la kuzidisha. Kila aina ya karata ina thamani yake ikifanywa turufu: uru 9, kopa 10, shupaza 11, pau 12. Jeki wote wanne ni turufu za juu daima, wakiongozwa na jeki wa pau, kisha wa shupaza, wa kopa na wa uru. Mchezaji huhesabu ana jeki wangapi mfululizo kuanzia wa pau, anaongeza moja kwa ajili ya mchezo wenyewe, kisha anazidisha kwa thamani ya turufu anayoikusudia. Aliye na jeki wa pau na wa shupaza lakini hana wa kopa ana mbili. Akiongeza moja anapata 3, na akitaka kopa iwe turufu mchezo wake una thamani ya 30. Kwa kuwa kila mkono una angalau mbili katika hesabu hiyo, mchezo mdogo kabisa ni 9 mara 2, ndiyo maana mnada huanza na 18. Hiyo 23 iliyojipenyeza katikati ni ya mchezo uitwao Null, ambao mchezaji huahidi kutokula hata mara moja.

Kilichonivutia mimi zaidi ni kwamba kukosa nako kuna thamani. Asiye na jeki wa pau huhesabu amekosa jeki wangapi mfululizo, na idadi hiyo hutumika sawasawa na ile ya kuwa nao. Hebu tumtazame mchezaji mwenye jeki wa uru tu, na kopa nyingi mkononi. Amekosa watatu wa juu, anaongeza moja, anazidisha kwa 10, anapata 40. Ananadi kwa ujasiri hadi 36, wenzake wanakata tamaa, naye anazifunua karata mbili za katikati. Humo anamkuta jeki wa pau. Mtu asiyeujua mchezo angemshangilia, kumbe amepatwa na balaa: sasa hakosi tena watatu, bali anaye mmoja, na mchezo wake wa kopa umeshuka hadi 20, chini kabisa ya namba aliyoitamka mbele ya mashahidi. Lazima atafute papo hapo mchezo mwingine utakaofikia 36, pengine ule uitwao Grand, ambao turufu ni jeki peke yao na thamani yake ni 24. Asipouweza, atakatwa pointi mara mbili ya thamani ya mchezo alioushindwa. Turufu kubwa kuliko zote imemharibia.

Wale wawili waliobaki sasa ni wamoja, ingawa dakika chache zilizopita walikuwa wakinadi wao kwa wao na dakika chache zijazo watakuwa wapinzani tena. Hawaruhusiwi kuambizana lolote. Wanachoweza ni kusomana kwa karata wanazoziweka: mmoja akiona mwenzake anakula, humtupia ree au kumi yake ili zihesabike upande wao, kitendo ambacho Wajerumani hukiita kupaka mafuta. Adui wa Skat, kwa hiyo, ni wa muda, na uadui huo huupata mtu kwa kuutaka mwenyewe, kwa kunadi.

Michezo jirani yake imelisukuma jambo hili mbali zaidi. Katika Schafkopf ya Bavaria mchezaji hutangaza ree mojawapo asiyokuwa nayo, na aliyeishika ndiye mwenzake, ila ananyamaza hadi karata hiyo itakapotoka. Doppelkopf, unaochezwa na watu wanne kwa karata 48, umeiweka siri hiyo katika kiini cha mchezo. Kila karata iko mara mbili, wapo malkia wawili wa pau, na walio nao ni kundi moja dhidi ya wengine wawili. Hakuna anayesema. Inawezekana mtu akacheza nusu ya mchezo akimpakia mafuta adui yake, na mezani wanajua wawili tu, kisha watatu, na mwisho yeye.

Panapokuwa na siri za namna hiyo magomvi hayakosi, na Wajerumani wakayawekea taratibu. Mwaka 1886 ulifanyika Altenburg mkutano mkuu wa kwanza wa wachezaji wa Skat ili kanuni ziwe za namna moja, na mwaka 1899 kikaundwa chama chao cha taifa. Altenburg ina hata mahakama ya Skat, ambayo huandikiwa na wachezaji walioshindwa kukubaliana juu ya karata iliyowekwa vibaya, nayo hutoa hukumu. Katika mji huo huo iko chemchemi iliyojengwa mwaka 1903, yenye sanamu za jeki wanne wakipigana, na wachezaji huleta karata zao mpya wakazibatize kwa maji yake ili ziwaletee bahati.

Sasa twende kwenye vita. Mwaka 1780 Johann Christian Ludwig Hellwig, mwalimu wa hisabati huko Braunschweig, alichapisha mchezo wa vita uliotokana na sataranji, wenye ubao wa miraba 1,617, ambayo iliwakilisha kwa rangi milima, mabwawa na maji. Ulikuwa mkubwa, lakini tabia yake ilibaki ya sataranji: kila mchezaji aliona kila kitu. Aliyeuvunja utaratibu huo kwa hatua ni baba na mwanawe wa ukoo wa von Reisswitz. Baba, Georg Leopold, alimtengenezea mfalme Friedrich Wilhelm III meza yenye droo na vipande vya sura ya nchi vilivyoweza kupangwa upya, akamkabidhi mwaka 1812. Ilikuwa kazi nzuri ya mikono, lakini ilifaa ikulu tu. Mwana, Georg Heinrich Rudolf, luteni wa mizinga, aliiacha meza akatumia ramani za karatasi za kipimo cha 1 kwa 8,000, na mwaka 1824 akauchapisha mchezo uitwao Kriegsspiel, jina linalomaanisha mchezo wa vita bila kuzidisha wala kupunguza.

Jambo jipya kubwa halikuwa ramani. Lilikuwa mwamuzi. Wachezaji wa pande mbili, buluu na nyekundu, hawakugusa vikosi kwa kutaka kwao. Waliandika amri, wakampa mwamuzi, naye akavisogeza vikosi kwa umbali ambao askari wangeweza kuutembea kwa dakika 2, kwa kuwa huo ndio muda uliowakilishwa na kila zamu. Kikosi kilichojificha nyuma ya kilima hakikuwekwa mezani hadi adui awe mahali pa kukiona. Amri iliyopelekwa mbali ilichelewa, kwa sababu mpanda farasi lazima afike. Na majeruhi hawakuhesabiwa kwa kubuni: Reisswitz alitumia matokeo ya majaribio ya silaha yaliyofanywa na Jenerali Scharnhorst, akayapanga katika majedwali, kisha akaongeza dadu, kwa sababu bunduki hizo hizo mikononi mwa watu wale wale hazileti matokeo yale yale kila siku.

Inasimuliwa kwamba mkuu wa majeshi wa wakati huo, Jenerali von Müffling, alianza kuutazama mchezo huo kwa ubaridi, na ulipoendelea akasema kwa shauku kwamba huu si mchezo wa kawaida bali ni shule ya vita. Alitumia neno la Kijerumani Schule, ambalo ndilo Kiswahili kilikuja kulichukua miaka ya ukoloni na kulifanya shule. Mchezo ukapelekwa kwenye vikosi vyote, lakini Reisswitz mwana, aliyeutunga, hakufaidi sana. Alijiua mwaka 1827.

Hapa mpinzani amebadilika sura. Katika Skat unamwona usoni, huzioni karata zake. Katika Kriegsspiel humwoni kabisa, na kila unachokijua kumhusu umekisikia kwa mtu wa tatu. Ndiyo maana maofisa waliuthamini. Ulipofika ushindi wa mwaka 1871 dhidi ya Ufaransa, majeshi mengine yalitaka kujua Waprusia wanajifunzaje, na mchezo ukasambaa nao. Meja Jakob Meckel, mmoja wa waandishi wake, alikwenda Japani mwaka 1885 kufundisha maofisa huko. Wakati huo majedwali yalikuwa yamewachosha wengi. Mwaka 1876 Jenerali Verdy du Vernois alipendekeza yaachwe, na mwamuzi mwenye uzoefu aamue kwa akili yake tu. Mwendo uliongezeka, ila mchezo ukategemea busara ya mtu mmoja, na kama mtu huyo ni mkubwa kwa cheo, nani atambishia? Mabishano hayo kati ya dadu na mwamuzi hayajaisha hadi leo.

Mwisho wa barabara hiyo unaonekana vizuri katika tukio la Novemba 1944. Makamanda wa jeshi la tano la vifaru walikuwa wamekusanyika kucheza, juu ya ramani, shambulio ambalo Wamarekani wangeweza kulifanya upande wa Hürtgen. Katikati ya mchezo zikaja habari kwamba shambulio hilo limeanza kweli. Field Marshal Walter Model aliwaacha waondoke wale tu ambao vikosi vyao vilikuwa vimeguswa. Wengine aliwaamuru waendelee kucheza, na taarifa zinazotoka mstari wa mbele ziingizwe mchezoni kama maelezo ya mwamuzi. Mchezo na vita vilikuwa vimekuwa kitu kimoja.

Baada ya 1945 ni vigumu kushangaa kwamba familia za Kijerumani hazikutaka vifaru mezani. Mchezo wa vita kwa ajili ya starehe ulikulia Marekani, ambako Charles Roberts alianza kuuza wake wa kwanza mwaka 1954 huko Baltimore. Ujerumani Magharibi ilikuwa na wasiwasi hata na Risk, mchezo wenye asili ya Ufaransa: katika miaka ya 1980, baada ya taasisi ya kulinda vijana dhidi ya machapisho yenye madhara kuutilia shaka, toleo la Kijerumani likabadilishwa maneno, na wachezaji hawakuambiwa tena wateke mabara, bali wayakomboe. Vikosi vilibaki vile vile na dadu zile zile. Ni rahisi kucheka, lakini mabadiliko hayo yanaonyesha mahali palipouma.

Kulikuwapo tayari mchezo wa familia usio na damu, Mensch ärgere Dich nicht, ndugu wa Ludo na mjukuu wa Pachisi ya India, ambao jina lake ni kama kumwambia mtu, bwana wee, usikasirike. Josef Friedrich Schmidt wa Munich aliutoa kabla ya Vita Kuu ya Kwanza, na vita vilipoanza akatuma seti 3,000 kwenye hospitali za askari, zawadi iliyoutangaza kuliko tangazo lolote. Lakini huo ni wa bahati tupu. Kizazi kilichofuata kilitaka mchezo unaotumia akili, usiofukuza mtu, na usioleta mizinga.

Kikajengewa mazingira. Kuanzia 1979 waandishi wa habari wanaohakiki michezo walianza kutoa tuzo ya mchezo bora wa mwaka, Spiel des Jahres, na ya kwanza ilikwenda kwa Mwingereza, David Parlett. Maonyesho ya michezo ya Essen yalianza 1983. Mwaka 1988, wakati wa maonyesho ya Nürnberg, wabunifu 13 waliandika juu ya kikaratasi cha kuwekea glasi ya bia kwamba hawatampa mchezo mchapishaji yeyote asiyekubali kuweka jina la mbunifu kwenye sanduku, wakatia sahihi. Tangu hapo mchezo ulikuwa na mtunzi kama kitabu kilivyo na mtunzi.

Mmoja wa watunzi hao wa zama mpya alikuwa fundi wa meno bandia, Klaus Teuber, aliyetoa Catan mwaka 1995 na kushinda tuzo ya mwaka huo. Kisiwa chake hupangwa kwa vipande 19 vyenye pembe sita, kila kimoja isipokuwa jangwa kikiwa na namba na zao: mbao, udongo, sufu, nafaka au mawe ya madini. Dadu mbili hurushwa, na kila aliyejenga kando ya namba iliyotokea hupata mavuno, hata kama si zamu yake. Uzuri wake ni kwamba hakuna mwenye kila kitu. Mwenye sufu tele na asiye na udongo hawezi kujenga barabara, hivyo inambidi amgeukie jirani yake, ambaye ndiye mpinzani wake, na kumwomba wabadilishane. Jirani naye anapima: nikimpa udongo nitapata sufu ninayoitaka, lakini je, hatafika pointi 10 kabla yangu? Kwa hiyo Teuber hakumwondoa adui. Alimfanya muuzaji wako, na uadui ukahamia kwenye bei. Mtu aliyewahi kuona meza nzima ikikubaliana, bila kuambizana, kwamba anayeongoza asiuziwe chochote, atajua kuwa tabia ya Skat ya wawili kumwungania mmoja haikupotea.

Wabunifu wa Kijerumani hawakuuacha mchezo wa vita moja kwa moja. Mwaka 2004 Richard Sivél alitoa Friedrich, unaohusu Vita vya Miaka Saba, vya 1756 hadi 1763, ambavyo Prussia ilizingirwa na Austria, Urusi na Ufaransa kwa pamoja. Mchezo huu hauna dadu. Ramani yake imegawanywa katika miraba, na kila mraba umepewa kopa, uru, shupaza au pau. Majenerali wawili wakikutana, wachezaji hupigana kwa karata, na kila mmoja anaruhusiwa kutumia tu karata za aina ya mraba ambao jenerali wake amesimama. Anayezidiwa huongeza karata, mwenzake hujibu, hadi mmoja aone bora arudi nyuma akiwa na hasara ndogo kuliko kumaliza karata zake zote.

Mchezaji wa Prussia hupokea karata nyingi kuliko adui yeyote mmoja, lakini wakiwa pamoja wanamzidi, kwa hiyo muda mwingi hutazama mkono uliojaa pau huku jeshi lake limekwama kwenye uru, na hasogezi jenerali ila baada ya kukisia wale watatu wamebakiwa na nini. Hawezi kuwashinda. Kazi yake ni kuwazuia wasimalize, mwaka baada ya mwaka, hadi katika rundo la karata za majaliwa ifunuliwe ile ya kifo cha malkia Elisabeth wa Urusi, kama alivyofariki kweli Januari 1762, na mchezaji wa Urusi akaambiwa ayaondoe majeshi yake mezani.